Ndoo mbili: kwa nini moja inachemka na nyingine inapoa

Chukua ndoo mbili za bati, kila moja na maji ya kawaida. Katika ya kwanza tumbukiza vipande vya chokaa iliyotoka tanuuni, ile ambayo haijaonja maji tangu ipakuliwe. Kaa mbali na ulinde macho, maana chokaa hii inaunguza ngozi na inaweza kupofusha. Kwa muda mfupi hutaona kitu. Kisha vipande vinaanza kupasuka, mvuke unapanda, na maji yanatokota bila kuni wala jiko. Katika ndoo ya pili mimina makopo kadhaa ya mbolea ya urea, zile punje nyeupe wanazozijua wakulima wa mahindi, koroga kwa kijiti, halafu shika ubavu wa ndoo. Punje zinayeyuka, na bati linakuwa baridi hata linatoa jasho kwa nje.

Hakuna aliyewasha moto chini ya ndoo ya kwanza, wala aliyetia barafu katika ya pili. Yote mawili yamejiendea yenyewe. Ndoo ya kwanza haimsumbui mtu sana, kwa sababu tumezoea vitu kutoa joto vinapobadilika: kuni, mkaa, samadi inayooza. Ya pili ndiyo yenye kero. Urea imevuta joto kutoka kwenye maji, kwenye bati, hata kwenye kiganja chako. Imepanda ngazi ya nishati badala ya kushuka, na haikulazimishwa na yeyote. Mawe hayapandi mlima yenyewe. Mbona urea imepanda?

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanaijua kanuni: ΔG = ΔH − TΔS, na ΔG ikiwa hasi mmenyuko unajiendea. Wanaiandika bila kukosea herufi. Ukimwomba mmoja aeleze kwa Kiswahili entropia ni nini, kama anayemweleza mama yake jioni, atasema "ni fujo", kisha atanyamaza. Simlaumu. Tumempa maneno ya darasani na hatukumpa kitu cha kushika mkononi. Mimi kitu hicho nakiona katika jiwe la tumbawe na chokaa yake, na nitalirudia jiwe hilo mpaka mwisho.

Tuanze na joto, maana ndilo jepesi. Chombo kikiwa wazi, kanieneo ya hewa juu yake haibadiliki, na joto linaloingia au kutoka wakati wa mmenyuko huitwa badiliko la enthalpia, ΔH. Likitoka tunaliandika kwa alama ya hasi, likiingia kwa alama ya chanya. Ni daftari la mapato na matumizi. Chokaa ya tanuuni inapokunywa maji, ΔH ni kama kilojouli −65 kwa kila moli, ile idadi maalumu ya chembe ambayo wakemia huhesabia; kwa chokaa ni gramu 56. Kwa kilo nzima zinapatikana kilojouli zaidi ya 1,100, ambazo zinatosha kupandisha lita tatu na nusu za maji kutoka nyuzi 25 mpaka kuchemka. Urea inapoyeyuka, ΔH ni karibu kilojouli +15 kwa moli.

Kuna kosa ninalolikuta kila mwaka, nalo ni kudhani kwamba vifungo vya kemikali vikivunjika hutoa nishati. Havitoi. Kuvunja kifungo ni gharama siku zote. Malipo yanatoka katika kufunga kifungo kipya. Mkaa unapoungua, joto linatokana na kaboni kushikana na oksijeni, na linazidi gharama ya kuzibandua atomu za kaboni kutoka kwa wenzao. ΔH ni tofauti kati ya gharama hiyo na malipo hayo.

Katika karne ya 19 wakemia wakubwa walidhani daftari hili linatosha. Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walishika kwamba mmenyuko unaojiendea ni ule unaotoa joto. Walikuwa wapimaji hodari, na mara nyingi walipatia, kwa hiyo wazo lao likadumu. Lakini barafu inayeyuka huku ikivuta joto. Nguo zinakauka kambani huku maji yake yakivuta joto. Na ndoo yetu ya pili iko pale, baridi.

Kilichokosekana kilipewa jina mwaka 1865 na Mjerumani Rudolf Clausius, aliyeunda neno entropia kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgeuko. Aliyefunua kilichomo ndani yake ni Ludwig Boltzmann, na kilichomo ni idadi. Juu ya kaburi lake mjini Vienna imechongwa S = k log W. Herufi S ni entropia, k ni namba isiyobadilika, na W ni idadi ya namna ambazo nishati inaweza kugawanyika miongoni mwa chembe, huku sisi tunaotazama kwa nje tusione tofauti yoyote.

Hapa weka bao mezani. Bao lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8. Chukulia kila shimo ni molekuli na kila kete ni punje moja ya nishati, maana ndani ya molekuli nishati huja kwa punje kweli. Kete zote zinafanana, kwa hiyo tunahesabu ni ngapi zimo katika kila shimo, basi. Anza na kete 4 na mashimo 2. Unaweza kuwa na 4 na 0, 3 na 1, 2 na 2, 1 na 3, au 0 na 4. Namna 5 tu. Sasa fungua safu nzima, mashimo 8, kete zikiwa zilezile 4. Namna zinafika 330. Fungua bao zima, mashimo 32, nazo zinafika 52,360. Hukuongeza kete hata moja. Umeongeza mahali pa kutawanyika.

Sasa fikiria kete hizo zinahama bila kupumzika, shimo hadi shimo, kama nishati inavyopokezanwa molekuli zinapogongana. Ukizichungulia wakati wowote, uwezekano wa kuzikuta zote 4 zimerudi katika mashimo 2 ya kwanza ni 5 kwa 52,360. Hakuna kinachozikataza kurudi, ila namna za kutawanyika ni nyingi mno kuliko namna za kukusanyika. Na hapa tuna kete 4 na mashimo 32. Katika kijiko cha chai cha maji, idadi ya molekuli ni namba yenye tarakimu 24. Kwa idadi ya namna hiyo, "uwezekano mdogo" ni sawa na kusema haitatokea kamwe.

Ndiyo sababu silipendi neno fujo. Linampeleka mwanafunzi kwenye chumba kilichovurugwa, naye anaanza kuhukumu kwa macho kipi kimepangika na kipi hakijapangika. Entropia haihukumiwi kwa macho, inahesabiwa. Mtawanyiko ni neno bora, na bora zaidi ni kuuliza moja kwa moja: namna ni ngapi? Katika punje ya urea, molekuli zimebanana kila moja mahali pake. Ndani ya maji zinatembea, zinazunguka, zinagongana na maji. Mashimo yamefunguka. Namna zimeongezeka kwa kiasi cha kufidia lile joto lililovutwa, na zikabaki.

Ila "kufidia" kunahitaji maelezo, kwa sababu joto na idadi ya namna si vitu vya aina moja. Joto linaingiaje katika hesabu ya entropia?

Linaingia hivi. Sheria ya pili ya themodinamiki inatazama jumla: entropia ya mmenyuko wenyewe pamoja na entropia ya mazingira yake yote, hewa, bati, kiganja. Jambo linalojiendea ni lile linaloongeza jumla hiyo. Chokaa inapotoa joto, inatupa kete zake kwenye bao kubwa la nje, na entropia ya nje inapanda. Urea inapovuta joto, inanyang'anya kete za nje, na entropia ya nje inashuka. Kiasi cha kupanda au kushuka ni joto lenyewe likigawanywa kwa jotoridi la mazingira, katika kipimo cha kelvini.

Kwa nini tugawanye kwa jotoridi? Tia kijiko cha chumvi katika sufuria ya maji ya kunywa: ladha yote imebadilika. Tia kijiko hichohicho katika maji ya bahari: hakuna ulimi utakaojua. Joto nalo ni hivyo. Likiingia mahali penye baridi, ambapo kete ni chache, linafungua namna nyingi mpya kwa kulinganisha na zilizokuwapo. Likiingia mahali pa moto sana, linakuta kete zimeshajaa na halibadilishi mengi. Kilojouli ileile ina uzito mkubwa kwenye baridi na uzito mdogo kwenye moto. Ukilishika hili, tanuu la chokaa litajieleza lenyewe.

Twende basi tanuuni. Miji yetu ya kale ya pwani, Kilwa, Gede, Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, imesimama kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na chokaa, na chokaa hiyo nayo ilitoka katika matumbawe. Watu walipanga magogo kwa duara, wakaweka mawe juu, wakawasha, wakauacha moto ufanye kazi. Tumbawe kwa kemia ni kalsiamu kaboneti. Likipata moto wa kutosha linaachana pande mbili: chokaa, yaani kalsiamu oksidi, na hewa ya ukaa inayopaa. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 za chokaa. Zile 44 zimekwenda na upepo. Ndiyo maana jiwe lililoiva huwa jepesi mkononi.

Kuliachanisha jiwe hilo ni ghali: ΔH ni kilojouli +178 kwa moli. Upande wa pili, entropia ya vitu vyenyewe inapanda (badiliko hilo ndilo ΔS) kwa jouli 160 kwa kelvini, na karibu yote inatokana na gesi. Gramu 100 za jiwe, zenye ukubwa wa kuenea katika kiganja kimoja, hutoa hewa ya ukaa ya lita 24 hivi kwa joto la kawaida. Molekuli zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe sasa zina anga.

Sasa hesabu jumla siku ya kawaida, nyuzi 25, ambazo ni kelvini 298. Mazingira yametoa jouli 178,000, kwa hiyo yamepoteza 178,000 kugawanya kwa 298, yaani jouli 597 kwa kelvini. Jiwe limepata 160. Jumla ni hasara ya 437. Haiwezekani, na tumbawe linabaki tumbawe hata likae juani miaka mia tano. Rudia hesabu hiyo ndani ya tanuu lenye kelvini 1,200, karibu nyuzi 927. Jiwe ni lilelile na joto linalodaiwa ni lilelile, lakini 178,000 kugawanya kwa 1,200 ni 148 tu. Jiwe bado linapata 160 yake. Jumla ni faida ya 12, na jiwe linaachana. Moto una kazi mbili hapa: unaleta kilojouli zinazohitajika, na pia unafanya kuzitoa kusiwe na gharama kubwa kwa entropia ya nje.

Mpaka uko pale hasara na faida zinapolingana, 178,000 kugawanya kwa 160, kama kelvini 1,112 au nyuzi 840. Tanuu halisi linahitaji kufika karibu nyuzi 900, kwa sababu ΔH na ΔS zenyewe zinabadilika kidogo joto linapopanda, nasi tumezichukua kana kwamba hazibadiliki. Na upepo unasaidia. Ukiiondoa hewa ya ukaa pale inapozaliwa, unaiacha nafasi zaidi ya kutawanyika, na jiwe linaachana kwa moto mdogo kidogo. Tanuu lililozibwa likajaa hewa yake mwenyewe linaivisha vibaya.

Hatua inayofuata katika safari ya jiwe hili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chokaa inanyweshwa maji, ndoo yetu ya kwanza, na inarudisha kilojouli 65. Fundi anaichanganya na mchanga, anapiga lipu. Ukutani, chokaa iliyokunywa maji inaanza kuivuta hewa ya ukaa kutoka hewani, inayaachia yale maji, na inageuka tena kuwa kalsiamu kaboneti. Inarudi kuwa jiwe. Mmenyuko huo wa pili unatoa kilojouli 113. Jumlisha 65 na 113: unapata 178, zilezile zilizoingia tanuuni. Kuni zilikopesha, na jiwe limelipa kwa mafungu mawili, moja mbele ya macho yako kwa mvuke, jingine polepole ukutani kwa miezi na miaka, bila mtu kulihisi. Germain Hess aliligundua jambo hili mwaka 1840 huko St. Petersburg: joto la safari nzima ni jumla ya joto la vituo vyake, hata upite njia gani. Entropia nayo iko vivyo hivyo. Kunywa maji kunapunguza jouli 26, kuvuta hewa ya ukaa kunapunguza 134, na jumla ni 160.

Umeona hapo? Lipu inapogeuka kuwa jiwe, entropia yake inashuka. Gesi iliyokuwa huru inafungwa ndani ya ukuta. Mwanafunzi anayeamini kwamba "entropia lazima ipande" atasema haiwezekani. Lakini ΔH ni −113. Joto hilo linapomwagika nje kwa nyuzi 25 linaongeza 113,000 kugawanya kwa 298, yaani jouli 379 kwa kelvini. Ukitoa 134 zilizopotea ukutani, inabaki faida ya 245. Mti unaokua, barafu inayoganda, mtoto anayejengeka tumboni, vyote vinapunguza entropia ya mahali pamoja na kulipia kwa joto linalotawanyika kwingine.

Sasa G inaweza kuingia, na haitakuwa mgeni. Mmarekani Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, katika maandishi yaliyotoka kati ya 1876 na 1878, alitupunguzia kazi ya kuyatazama mazingira kila mara. Chukua jumla ya entropia tuliyokuwa tukiihesabu, izidishe kwa T, yaani jotoridi kwa kelvini, igeuze alama. Unachopata ni ΔH − TΔS, nacho ndicho ΔG. Basi. Faida ya entropia ya ulimwengu inaonekana kama G hasi. Kwa tumbawe la siku ya kawaida, 178 − 298 × 0.160 inatoa karibu +130. Tanuuni kwa kelvini 1,200 inatoa −14. Ile jedwali ya visanduku vinne vya alama za hasi na chanya, wanayoikariri wanafunzi usiku wa kuamkia mtihani, haina kitu kisichokuwamo katika mstari huu.

Onyo moja kuhusu namba za vitabuni. Ukihesabu ΔG ya maji kugeuka mvuke kwa nyuzi 25, kilojouli +44 za joto na entropia ya jouli +119, utapata kama +8.6. Chanya. Je, maji hayakauki? Yanakauka, na mtungi wa udongo unapoza maji yake kwa sababu hiyohiyo: yanayopenya ukutani mwake na kukauka yanabeba kilojouli 44 kwa kila gramu 18. Ile +8.6 ni ya mvuke wenye kanieneo sawa na ya hewa yote ya anga, hali ya kipimo waliyokubaliana wataalamu. Hewa ya kweli ina mvuke mchache zaidi, na mvuke mchache una nafasi kubwa ya kutawanyika. Hewa ikikaribia kujaa, kama baadhi ya siku za masika pwani, ΔG ya kweli inakaribia sifuri, nao mtungi unashindwa kupoza na nguo zinanuka uvundo kambani.

Na G haina saa. Hili limewachanganya wengi, kwa kuwa neno la Kizungu la kujiendea linasikika kama jambo la ghafla. Mkaa uliomo guniani, umezungukwa na oksijeni, una ΔG ya karibu −394 kwa moli ya kuungua, hasi kubwa kabisa, nao unasafirishwa umbali mrefu na kuuzwa salama. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, kwa joto la kawaida ina ruhusa ya kugeuka grafati, ile iliyomo ndani ya penseli. ΔG ni −2.9. Hakuna aliyeishi akaliona hilo likitokea. Ili kaboni ihame, lazima kwanza vifungo vivunjwe, na gharama hiyo ya mwanzo ni kizingiti kirefu. Kibiriti kwa mkaa ni msaada wa kuvuka kizingiti. Baada ya hapo joto la mkaa wenyewe linavusha waliobaki. ΔG inakwambia upande ambao mlima unateremkia. Urefu wa ukingo uliosimama njiani unapimwa kwa somo jingine, la mwendo wa mimenyuko.

Mafundi wa lipu ya chokaa waliujua ukingo huo. Ukuta mpya ukiachwa ukaangwe na jua la mchana, unakauka juu kabla haujawa jiwe, na ukiupitishia mkono unabaki na unga mweupe vidoleni. Ruhusa ilikuwapo tangu siku ya kwanza, karibu kilojouli −73 kwa moli, lakini hewa ya ukaa inahitaji kuyeyuka katika utando wa maji ndipo ikutane na chokaa. Kwa hiyo fundi anautundikia ukuta magunia yaliyolowa, na asubuhi na jioni anapita na kopo, ananyunyiza.